Pingili ya Nne Kutoka Chini

Asubuhi ya Jumatatu fundi alikuwa akishona shuka la kumi na moja alipoziona pingili za mgongo wake juu ya kitambaa. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la nyuma yake, na kivuli chake kilikuwa cha kijivu, chepesi, na ndani yake zilionekana mbavu, nyonga na uti wa mgongo, vyote vyeupe. Akamaliza pindo kwanza. Kisha akamwita wifi yake, aliyekuwa akikata vitambaa kwenye meza ya pili.

"Wifi, si nilikwambia ule?" mkataji akacheka. "Sasa umekonda mpaka kivuli kimebaki mifupa."

"Acha utani. Hebu nihesabie hizo pingili."

Wifi yake akahesabu kwa ncha ya mkasi, kutoka chini. Ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu nzima. Ya nne ilikuwa na doa jeusi lililoula upande mmoja, kama jino bovu. Utani ukamwisha.

Mgongo ulikuwa ukimuuma fundi kwa wiki tatu, hata akijilaza. Sketi zake alikuwa amezipunguza kiunoni mara mbili. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Kivuli hakikumtisha. Aliogopa miguu, kwa sababu hakujua kazi nyingine, na hii aliipenda.

Zahanati ilikuwa na fomu ya wagonjwa wa mgongo, maswali manne: je, umepungua uzito, je, maumivu hayatulii hata ukilala, je, miguu inakufa ganzi, je, haja ndogo inakutoka bila kujua? Mwenye ndiyo hata moja alipigwa picha siku hiyohiyo. Mwenye hapana zote alipewa dawa na mazoezi ya wiki sita kwanza, na hiyo ilikuwa busara, maana migongo mingi hupona yenyewe. Karani alikuwa mchapakazi. Ili foleni isikwame, alizijaza hapana fomu zote mapema, bunda zima, kabla wagonjwa hawajatoka makwao.

Kwa daktari, kivuli cha fundi kiliangukia ukutani juu ya kalenda, kikubwa, kikipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Daktari alikitazama kwa muda mrefu.

"Hiyo ya nne ina shida," akasema.

"Basi nipigwe picha, daktari."

"Mama, fomu yako ina hapana nne."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Lakini imejazwa." Akamwonyesha. "Wiki sita si nyingi. Haraka haraka haina baraka."

"Kwani huioni, daktari?" akauliza wifi yake, aliyemsindikiza.

"Naiona, dada," akajibu kwa upole, akaandika dawa.

Mara mbili kwa wiki fundi alikwenda zahanati kunyooshwa mgongo. Mnyooshaji alifungua mapazia kwanza, kivuli kitokeze ukutani, kisha vidole vyake vikaikwepa pingili ya nne kwa adabu. Wagonjwa kwenye mabenchi walijifunza kuinua miguu kivuli kilipopita, wasikikanyage. Mzee mmoja akamwambia kwamba doa limekua tangu Ijumaa. Fundi akamshukuru.

Wiki ya tano, mguu wa kushoto ukaacha kabisa kusikia chuma cha cherehani. Wifi yake akakaa sakafuni, akawa analisukuma kanyagio kwa mikono, na fundi akaongoza kitambaa. Walishona hivyo siku nne, wakiimba kidogo. Siku ya tano mguu wa kulia nao ukanyamaza, na fundi akalia kwa sauti, kichwa juu ya shuka.

Wiki sita zilipotimia, wifi yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Barabarani kivuli chao kilikuwa kimoja, nusu cheusi, nusu mifupa, na watu wakakipisha. Daktari akatia saini karatasi ya picha bila kuulizwa. Picha ikapigwa, ikatoka sawasawa na kivuli, doa kwa doa. Daktari aliiinua dirishani akaitazama, akasikitika kweli.

"Mama," akasema, "wagonjwa kama wewe mnatakiwa kuja mapema."

Karani akaweka kando fomu za kesho alizokuwa akizijaza, akafungua faili la fundi, akaandika kwa mwandiko mzuri: amechelewa kuja.