Sneya ya Baba Mdogo

Mama mdogo aliiweka ngoma juu ya meza yangu, akaivua shuka aliyoifungia, akavuta kiti. Salamu zilikuwa fupi.

"Mwanangu, niambie kama niliishi na mwizi."

Nilitaka kumjibu kwamba hapa ni karakana ya ngoma, si mahakama. Lakini mumewe, baba yangu mdogo, tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na baba yangu mzazi hakukanyaga mazikoni. Nikameza maneno, nikachukua ufunguo wa skrubu.

Kisa chenyewe hakuna mtu wa ukoo wetu asiyekijua. Baba na mdogo wake walikuwa wapiga dramu wa bendi moja, wakipokezana kiti. Mwaka niliozaliwa mimi, sabini na nne, sneya ya baba iliibwa ukumbini. Sneya ni ile ngoma fupi yenye nyaya chini, inayotoa mlio wa kukwaruza. Muda ukapita, baba mdogo akahamia bendi nyingine, na siku moja akaonekana jukwaani na sneya ya aina ileile. Baba aliiona kutoka viti vya nyuma, akanyanyuka akatoka. Hawakusemezana tena mpaka mmoja akaingia kaburini.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja. Kama ngoma hii ilitengenezwa baada ya sabini na nne, haiwezi kuwa ile iliyoibwa. Kama ilitengenezwa kabla, basi mama mdogo alikuwa na jibu ambalo hakuna mjane anayelitaka. Kujua umri wa ngoma ndicho kitu ninachojivunia mjini hapa, hata watu wasiponiuliza. Nikajiambia hii ni kazi ya kupasha mikono moto.

Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu hadi rohoni. Nilipokuwa bado nabishana nayo, mlango ukagongwa kwa fimbo. Baba.

"Nani kakuambia?" nikamuuliza.

"Mji huu una midomo," akasema, akaingia bila kukaribishwa. Kisha akamwona mama mdogo. "Shemeji."

"Shemeji," akajibu mama mdogo.

Wakakaa, kila mmoja na ukuta wake wa kutazama. Nikajua siku yangu imeharibika.

Baba hakuweza kutulia. Alinisogelea mpaka pumzi yake ikawa inanipiga shingoni, akanyoosha kidole kwenye nembo ya shaba iliyo ubavuni mwa ngoma.

"Unaona hiyo? Umbo la ngao. Yangu ilikuwa na ngao. Mwaka uliofuata wizi wakaleta ya mraba. Unatafuta nini tena?"

"Baba, kiwandani hawatupi sanduku la nembo kwa sababu mwaka umebadilika. Wanazigongomea mpaka ziishe. Nimeshika ngoma za miaka ya baadaye kabisa zenye ngao."

"Basi tazama pete ya juu, hii ya chuma inayobana ngozi. Imebonyea hapo. Ilinidondoka kwenye ngazi za ukumbi, naukumbuka mbonyeo huo kama jina langu."

Nikaitazama. Kweli, ilikuwa imebonyea. Mama mdogo akafumba macho. Lakini wapiga dramu wa zamani nawajua. Vipuri havikuwepo, wakawa wanaazimana pete, masikio ya kushikia skrubu na skrubu zenyewe kama watu wanavyoazimana shati la kwendea harusini. Ngoma moja ya zama zile inaweza kuwa na vipande vya ngoma tatu.

"Hii pete haikutoka kwenye ngoma yako kabla hujaibiwa? Hukumpa mtu?"

Baba akakohoa. Akakohoa tena, bila haja.

"Nilimpa yeye," akasema. "Ya ngoma yake ya mazoezi ilikuwa imepasuka. Mimi nikapata nyingine."

"Na miaka yote hii hukulikumbuka hilo?"

"Hujaniuliza."

Nilitamani kutupa ufunguo dirishani. Mtu mzima amebeba kinyongo maisha mazima, na ushahidi wake ni zawadi aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe! Nikamuuliza kwa nini hakuchora alama yake ndani ya ngoma kama wenzake wote. Akanitazama kama nimemtukana.

"Niliitunza kama mboni ya jicho. Ningeichoraje?"

Sawa. Nembo haisemi kitu, pete haisemi kitu. Kilichobaki ni ganda lenyewe, ile duara ya mbao, maana kila kitu kingine hubadilishwa lakini ganda ndilo ngoma. Na kiwanda hiki kilikuwa na desturi nzuri, Mungu awabariki, ya kugonga tarehe kwa muhuri wa wino mwekundu ndani ya ganda. Nikang'oa ngozi ya juu, nikawasha taa, nikaingiza kichwa.

Ndani mlikuwa mweupe pe. Mbao zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa, hata alama ya vumbi hakuna. Nikainua kichwa polepole.

"Mama mdogo, nani kagusa humu ndani?"

"Mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kufurahi kidogo. "Ngozi ya chini ilishachanika, nikapenyeza mkono nikaiosha ndani kwa sabuni, nikasugua na waya wa masufuria. Palikuwa na madoa mekundu yasiyotaka kutoka. Nikasema siwezi kumpelekea fundi kitu kichafu, atasema mama yake hana adabu."

Nilitoka nje, nikasimama uani nikilitazama pipa la taka. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kulipiga teke, ila nilikuwa nimevaa kandambili. Mgeni gani tena angenifutia tarehe kwa heshima kiasi hicho? Nikarudi ndani. Baba alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayeona kesi yake imesalimika, na hilo ndilo lililonirudisha kazini.

Kwenye ganda, kwa ndani, kulikuwa na kibonyezo: kipande cha sponji kinachokandamiza ngozi ili mlio usizidi, kimeshikiliwa na bamba la chuma. Bamba hilo mama mdogo hakulitoa, maana hakuwa na ufunguo. Skrubu zake zilikuwa mbaya kuliko zote. Nikamwaga mafuta, nikangoja, nikajaribu, nikajichana kidole, nikalaani, nikaomba radhi kwa wazee, nikajaribu tena. Bamba likaachia.

Chini yake palikuwa na mkia wa muhuri. Mwezi ulikuwa umekwenda na sabuni. Mwaka ulikuwepo, mwekundu, wote.

"Sabini na sita," nikasema.

"Soma tena," akasema baba.

"Sabini na sita. Njoo utazame mwenyewe."

Akaja, akavaa miwani, akatazama. Akaivua, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Kisha akashika ukingo wa meza. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Nikageuka kwa mama mdogo nikitegemea atashusha pumzi, au atamgeukia shemeji yake ampe zake. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anaikodolea ngoma macho, na mikono imemwanguka mapajani.

"Aliniambia aliinunua kwenye shule iliyokuwa inafungwa," akasema. "Mara moja tu aliniambia. Nikamjibu, sawa. Hakurudia."

"Shemeji," baba akaanza, "kosa ni langu mimi. Mimi ndiye niliye..."

"Wewe ulikuwa mbali, shemeji. Mimi nilikuwa nalala naye. Kila hodi ikipigwa, niliichukua nikaisukuma uvunguni, wageni wasiione. Yeye ananitazama tu. Baadaye sikuhitaji tena kuinuka. Akisikia hodi, alikuwa anaisukuma mwenyewe."