Bolti ya Juu Kulia

Kitendawili. Najua mmeshaitikia, basi natega. Ana kichwa lakini hana macho, ana meno lakini hajawahi kutafuna, huingia nyumbani kwake akicheza, na akishazeekea humo ndani hasikii hodi ya mtu.

Si konokono. Kobe pia siye. Nipeni mji niwapeleke mkamwone mwenyewe: amejibana juu ya giaboksi la gari kuukuu la buluu, upande wa kulia, mahali ambapo jicho halifiki na mkono hufika kwa kuchubuka. Tangu saa tatu ya asubuhi mwanamke mmoja alikuwa amelala chali chini yake, juu ya kipande cha katoni, akimbembeleza kwa spana kama mtu anavyombembeleza mtoto mwenye homa ameze dawa.

Bolti. Bolti moja tu.

Mwanamke huyo mafundi wenzake walimwita Kidole. Baba yake, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na gurudumu la mbele, aliitwa Mzee Kaza, jina alilojipatia kwa miaka thelathini ya kuwahimiza watu gereji nzima kwa neno hilo moja. Siku hizi hakazi kitu. Hata kikombe cha chai akikishika, chai hutikisika ikajua imeshikwa na nani. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kupokea kila kinachotolewa chini ya gari na kukilaza juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka, ili kije kirudi kwa mpangilio wa kurudi. Propela shafti. Waya wa klachi. Bolti tatu za chini, mbili za ubavuni, moja ya juu kushoto. Kwenye gunia ilibaki nafasi ya bolti moja, na Mzee Kaza alikuwa anakwepa kuitazama nafasi hiyo.

Gari lilikuwa limesimamishwa juu ya magogo uani, kati ya kamba ya nguo na dirisha la chumba alicholala mke wa Mzee Kaza, mama yake Kidole. Klachi ilikufa Jumapili. Jumatatu mama hakwenda hospitali kusafishwa damu. Sasa ilikuwa Jumatano, na miguu yake imejaa mpaka ukiibonyeza shimo la kidole linabaki hapo, linakutazama. Daktari alikuwa amesema kwa simu kwamba kesho saa moja asubuhi wasikose, na wakikosa mara ya pili, basi. Aliishia hapo kwenye basi. Dereva wa gari la kukodi alikuja jana, akamwona mgonjwa anavyobebwa kwa shuka, akakumbuka ghafla kwamba ana abiria mwingine. Gari la buluu peke yake ndilo lenye kitanda. Mzee Kaza aling'oa kiti cha nyuma kwa mikono yake, zamani mikono ilipokuwa mikono, akapigilia mbao na kutandika godoro.

Klachi mpya ilikuwa mezani, imefungwa kwa gazeti. Kuipachika ni kazi ya saa nne kwa mtu kama Kidole. Lakini haipachikwi mpaka giaboksi literemke, na giaboksi lilikuwa limekaa juu ya jeki, limeachiwa kila upande, limeshikwa na bolti moja kama mlevi aliyeshika nguzo.

Spana iliteleza. Ngumi ikagonga chuma. Mkono wa Kidole ulitoka chini ya gari na vifundo vinavyovuja damu, ukapapasa kitambaa, ukajifuta, ukarudi gizani.

Alikuwa ameshaimwagia bolti mafuta ya taa, akasubiri. Ameimwagia mafuta ya breki, akasubiri. Ameigonga kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu, ili ishtuke iachie. Mzee Kaza alikuwa anahesabu mapigo yale bila kutaka.

"Baba," sauti ikasema chini ya gari.

"Naam."

"Hii aliikaza nani?"

Mzee Kaza aliinama akanyoosha bolti ambazo zilikuwa zimenyooka tayari.

"Siulizi ya zamani," Kidole akaendelea, na sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa sauti ya fundi. "Nauliza ya leo. Kama ni mimi, ilianza kwa kidole, imenyooka, kinachoishika ni kutu tu. Nitaivalisha spana bomba, mkono wake uwe mrefu, niivute. Lakini kama iliingia upande, nikiivuta itatoka na meno ya injini, au itakatikia humo humo ndani. Na kesho mama haendi."

"Iongeze mafuta," alisema Mzee Kaza.

Chini ya gari mafuta yakasikika yakidondoka.

Sasa niwaambie kwa nini swali dogo kama lile lilimkausha mzee mate.

Miaka sita nyuma walikuwa wawili, gari hilo hilo, kazi hiyo hiyo, katika gereji yake. Juu ya mlango wa gereji palikuwa na sheria aliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: KIDOLE KWANZA, SPANA BAADAYE. Maana yake, kila bolti ianze kwa vidole, mizunguko mitatu, ijikalie yenyewe. Ikikataa kidole, itoe, isafishe, anza upya. Ukiilazimisha kwa chuma itaingia upande, meno yake na meno ya shimo yatang'atana, na waliong'atana hivyo hawaagani kwa amani. Binti aliishika sheria ile mpaka wakampa jina lake.

Bolti za juu zilikuwa mbili, kushoto na kulia. Moja alikaza binti, moja baba. Siku ya tatu tu baada ya kazi ile, mama, ambaye alikuwa ametapika na kuharisha usiku na mchana mpaka macho yameingia ndani, alilazwa kwenye kiti cha nyuma waende hospitali. Katikati ya kilima gari likatetemeka, klachi ikaachia, likasimama. Walikaa pale tangu saa nne hadi saa kumi, jua likiwapikia ndani ya bati. Walipofika, daktari aliwaambia kwamba figo nazo hufa kiu, na kwamba wangewahi kidogo zingepona.

Fundi aliyekuja kuwavuta, alipolifikisha gari gereji, alichungulia na kurunzi akasema giaboksi halikukaa sawa, bolti ya juu kulia haikufika mwisho. Akauliza aliikaza nani. Mzee Kaza alijibu upesi, mbele ya mafundi wote, kwamba huo ni mkono wa binti.

"Nilidhani yangu ni ya kushoto," Kidole alisema.

"Ulidhani," baba yake akamjibu.

Basi. Waya wa klachi, ambao ndio uliokatika kilimani, ukabadilishwa, giaboksi halikuteremshwa, na tangu siku hiyo Mzee Kaza aliliendesha gari lile kwa kulipapasa kama mtu mwenye jino bovu, ili mradi lisifunguliwe. Kidole alihamia gereji nyingine, upande wa pili wa mji. Wenzake wa huko humcheka kwa kukagua kila bolti mara tatu. Hajui kufanya vinginevyo. Mtu akishaambiwa kwamba mkono wake ndio uliomharibu mama yake, ataamini vipi tena mkono?

Kutoka dirishani mama aliita. Alitaka maji. Maji yake hupimwa, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni, na jioni ilikuwa bado, lakini Mzee Kaza aliingia ndani akammiminia kifuniko kimoja cha chupa, akamshika kichwa anywe. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamekuwa mistari miwili.

"Mtoto kakuuliza kitu," mama alisema.

"Mambo ya ufundi hayo, mama watoto."

"Mimi si fundi." Alipumzika, maana sentensi kwake siku hizi zilikuwa na vilima. "Siku ile mliyomaliza gari ulirudi na bega limevimba. Nikakukanda kwa maji ya moto. Nikakuuliza limefanyaje, ukasema umelilalia vibaya."

Mzee Kaza alikifunga kifuniko cha chupa. Kikakataa kukaa, kikaingia upande.

"Mchana huo hukuwa umelala," mke wake alisema, akageuzia uso ukutani.

Aliporudi uani, alikuta Kidole ametoka chini ya gari, amekaa kwenye katoni, ananyonya kifundo kilichochubuka. Kivuli cha kamba ya nguo kilikuwa kimeshafika kwenye gurudumu. Alimtazama baba yake kwa muda, jinsi anavyotazama mashine isiyowaka, kisha akatikisa kichwa.

"Basi ni yangu," alisema. "Nipe bomba."

Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupokea na kukabidhi, miguu ya Mzee Kaza ikaenda yenyewe hadi ukutani ikarudi na bomba. Lilikuwa lile lile, la maji, urefu wa mkono, lenye bonde katikati. Alilijua bonde lile. Siku ile vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikuweza kuifikia bolti ya juu kulia. Angemwita binti mwenye vidole vyembamba, dakika moja tu, lakini wateja walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama, na mwenye sheria angeonekana anaomba vidole vya msichana. Akaianza kwa spana. Ilipokataa akavalisha bomba, akalisukuma kwa bega. Ilitoa sauti, ndefu na nyembamba, kama mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Aliisikia. Akaendelea kukaza.

Kidole alilala tena chali. Soketi ikashika kichwa cha bolti, bomba likaingia kwenye mkono wa soketi, miguu yake miwili ikatafuta ukuta wa gurudumu ikajisukuma.

"Bismillahi," alisema kwa pumzi.

Bolti ikalia. Sauti ile ile, ndefu na nyembamba. Dirishani pazia likatikisika.

"Imesogea," Kidole alisema chini ya gari, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kulikuwa na furaha kidogo kooni mwake. "Naona imekubali. Mara moja tu tena."

Akavuta pumzi. Miguu ikajipanga upya.

"Mimi," alisema Mzee Kaza.

Bomba likasimama.

"Acha, mwanangu. Usiivute. Niliikaza mimi." Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe bila kujua amefikaje chini. "Kidole changu hakikufika, nikaianza kwa spana. Iliingia upande tangu mzunguko wa pili. Niliisikia. Yako ilikuwa ya kushoto. Ilikuwa ya kushoto siku zote."

Jeki ilipumua mafuta yake, tone, kisha tone.

"Kikate kichwa," mzee akasema. "Giaboksi litateleza lishuke, kishina kitabaki nje, utakipasha moto ukizungushe kwa praya. Kidogo kidogo. Kitatoka."

Bomba liliwekwa chini polepole, likabingirika likagota kwenye gogo. Kisha mkono ukatoka chini ya gari, damu imekauka kwenye vifundo, kiganja wazi kimetazama juu. Haukusema unataka nini.

Mzee Kaza aliutazama. Akaanza kuutafutia msumeno wa kukatia chuma juu ya gunia, na vyuma vyote alivyovipanga tangu asubuhi vikigongana na kupoteza nafasi zao.