Gliserini ya Wifi

Ofisini walimwita Miwani, na hata ukweni jina hilo lilikuwa limeshamganda. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kutazamia watu na nyingine ya kusomea yale maandishi madogo ya nyuma ya makopo ya losheni, na wenye maneno yao walisema ile ya watu ilikuwa haioni vizuri. Kazi yake ilikuwa kupitia mafaili ya watengenezaji wa vipodozi na kuamua nani apewe nembo ya jani. Nembo hiyo ilimwambia mnunuzi mambo mawili: kwamba kipodozi hakikujaribiwa kwa mnyama yeyote, na kwamba ndani yake hamna kitu kilichotoka kwa mnyama. Watu wengi huyachanganya haya mawili, na Miwani alikuwa na hotuba yake juu ya hilo, ndefu kweli kweli, aliyoitoa hata kwa asiyeuliza. Mafuta ya mdomo yanaweza kuwa hayajamgusa sungura wa maabara, na bado yakawa na nta ya nyuki. Rangi ya mdomo inaweza kujisifu kwamba haina majaribio, kumbe wekundu wenyewe ni wadudu waliosagwa.

"Msiniletee habari za bidhaa peke yake," aliwaambia walioanza kazi. "Malighafi je? Aliyewauzia kaandika nini, kwa mkono wake mwenyewe?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliipenda kama watu wanavyopenda watoto wao. Barua ya mwenye malighafi lazima itoke kwa mwenye malighafi.

Mwaka uliotangulia, wifi yake alileta faili. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa, aliyetengeneza losheni na mafuta ya mdomo kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake. Alikuwa na mizani, sufuria tatu za chuma na mashine moja ya kuchanganyia. Duka kubwa la dawa lilikuwa limemwahidi rafu nzima, ila kwa sharti la nembo ya jani. Mtu mwenye busara angesema huyu ni ndugu yangu, faili lake alisome mwingine. Miwani hakutaka kusikia. Alitaka ofisi nzima ione kwamba kwake hakuna cha wifi wala cha shemeji, kwa hiyo alilichukua mwenyewe na kulichambua mpaka mfupa.

Aliukuta mfupa kwenye gliserini. Gliserini inaweza kutokana na mafuta ya mimea au na mafuta ya ng'ombe, na ikishakuwa kwenye pipa huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa ulimi. Njia pekee ni kumuuliza aliyeitengeneza. Wifi alikuwa amemwandikia muuzaji wake mara tatu bila kujibiwa, na kwenye fomu akaandika ukweli wake kwa herufi za duara: "Sijui inatokana na nini. Nimeuliza, sijajibiwa."

Miwani alilikataa faili. Kwa kanuni hakukosea, na laiti angeishia hapo. Lakini Jumapili iliyofuata, familia nzima ikiwa mezani kwa mama mkwe, alishindwa kuuzuia ulimi wake.

"Wifi yangu bwana anataka nembo ya kubahatisha! Leo mimea, kesho ng'ombe, keshokutwa tutaona!"

Walicheka. Mumewe alicheka mpaka akapaliwa na maji. Wifi naye alicheka kidogo, kisha akainuka kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Tangu siku hiyo, kila mtu wa nyumba ile aliposhindwa kujibu swali, Miwani alikuwa wa kwanza kusema, "Jibu la wifi hilo!" Duka la dawa lilichukua watu wengine. Baada ya miezi mitano mashine ya kuchanganyia iliuzwa, na wifi akaenda kuosha nywele za watu saluni.

Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Miwani alikuwa amefungua faili la kampuni kubwa ambayo nembo yake ilikuwa inakwisha muda. Ni yeye aliyewapa, mwezi ule ule aliomkatalia wifi. Alilikumbuka vizuri faili hilo kwa sababu lilikuwa zuri: limejalidiwa, lina vikaratasi vya rangi vya kutenganisha kurasa, na aliyelileta, mwanamume mmoja mwenye suti na sauti laini, alimwita "mtaalamu" mara nne. Alimwambia kwamba mjini wanasema faili lisilopita kwa mama huyu halina thamani. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akainamisha kichwa yamkolee vizuri. Lile faili lilipita kwa mchana mmoja.

Alikuwa anatafuta tarehe tu. Alifika kwenye barua ya gliserini, ile isemayo kwamba gliserini yote ni ya mimea na hakuna mnyama aliyehusishwa, na jicho likatua kwenye jina la muuzaji. Alilijua jina lile. Lilikuwa la yule muuzaji wa wifi, asiyejibu barua za watu. Akateremka mpaka kwenye sahihi. Aliyetia sahihi alikuwa ofisa manunuzi wa kampuni yenyewe, "kwa niaba ya muuzaji". Walikuwa wamejiandikia barua wenyewe, na yeye, mama wa kanuni, aliigonga mhuri.

Akapiga simu kwenye ghala la muuzaji, na baada ya kuzungushwa kwa watu watatu akampata mtunza ghala.

"Barua hiyo sisi hatujawahi kumwandikia mtu, mama," alisema yule mzee. "Tutaandikaje? Mzigo wetu unatoka viwanda vitatu, unamiminwa tangi moja. Ya mimea, ya ng'ombe, yote imo humo humo. Hata mimi ukiniuliza, sijui."

Miwani aliweka simu chini. Uso ulimuwaka kama aliyepigwa kofi mbele za watu, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Yule aliyesema ukweli alimnyima nembo na kumfanya kichekesho cha mezani. Waliodanganya aliwapa nembo, tena akawashukuru kwa kuja.

Mkuu wa ofisi alimsikiliza huku akichezea kalamu. "Waandikie walete barua sahihi, yaishe," alisema. "Ukianza kutangaza, nembo zote tulizotoa zitatiliwa shaka. Nani atajua?"

Ningependa kusema kwamba Miwani alikataa pale pale. Hakukataa. Alirudi mezani kwake, akaanza kuandika barua ya upole ya kuomba "marekebisho madogo", na alifika mstari wa tatu kabla ya kujichukia vya kutosha. Akaichana. Akaandika nyingine ya kusimamisha nembo, na chini yake akaeleza kwamba faili lilipitishwa bila kukaguliwa, na kwamba aliyelipitisha ni yeye. Mkuu aliisoma mara mbili, akaitia sahihi bila kumtazama usoni.

Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Iliyobaki ilikuwa wifi.

Jumamosi mchana alikwenda kwa mama mkwe. Wifi alikuwa ukumbini anakunja nguo, na kwenye kile chumba cha nyuma, palipokuwa na sufuria na mizani, watoto wa nyumba walikuwa wamejazana wanafanya kazi zao za shule. Miwani hakukaa. Alijua akikaa ataletewa chai, na akinywa chai atageuza maneno.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi," alisema, akaeleza yote: kampuni, barua, tangi moja, mtu wa suti. Alipofika kwenye "mtaalamu" alitamani kuliruka, lakini akajikaza kisabuni akalitaja na hilo.

Wifi aliendelea kukunja shati la mtoto, akalipanga juu ya mengine.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba gliserini ni ile ile. Siku nilipokwenda ghalani kuwabembeleza wanipe barua, gari la kampuni ile lilikuwa linapakia mapipa. Nilisimama nyuma yake kwenye foleni. Wiki ya pili nikaona jani kwenye makopo yao."

"Sasa mbona hukusema? Wifi! Mwaka mzima ninakucheka, na wewe umekaa kimya?"

"Nilisema. Nilimwambia mama na kaka, hapa hapa, wiki ile ile." Alichukua nguo nyingine. "Mama akasema tukilisema hili nje utafukuzwa kazi, na aibu ni ya kwetu sote. Akaniambia, 'Mke wa kaka yako ni mtoto wangu kama wewe, tumsitiri.' Tukakubaliana."

Miwani alishika mgongo wa kiti. Zile Jumapili zote zilimjia kwa pamoja: yeye akipiga utani wake, nao wakitazamana kidogo kabla ya kucheka. Alidhani anawachekesha. Walikuwa wanamsitiri, mama mkwe, wifi, mpaka mume wake anayelala naye kitanda kimoja, na kila alipoutoa utani wake walimsitiri upya. Aliona aibu ambayo hakuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kuiona, ya kutaka kufunikwa uso na shuka.

"Mama yupo?"

"Yupo chumbani kwake. Mwache apumzike."

Hakumwacha. Alibisha, akaingia. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooshwa, na alipouona uso wa mkwewe hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alisogea kumpa nafasi, akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Funga mlango kwanza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wasisikie."

Miwani alitazama ukumbini, wifi akiwa na nguo zake, na ng'ambo, kwenye chumba cha nyuma, vichwa vya watoto vimeinamia madaftari. Akausukuma mlango ukafunguka wote, akabaki amesimama pale pale mlangoni, na akaanza kuyasema yote aliyoyakosea kwa sauti ya kufika kila chumba.