Paipu Iliyonyooka

Mashine yake ya kuvuta maji ilipokuwa nzima, watu wa bondeni walimwita Mzee Mngurumo, naye jina hilo alilivaa kama koti la harusi. Kila asubuhi mngurumo ulitoka kwenye kibanda chake cha mabati, maji yakapanda kutoka mtoni hadi kwenye shamba la nyanya la mkewe, na mzee akajitokeza mlangoni na tambara lake la mafuta, kifua mbele, utadhani maji hayo ameyaumba yeye. Sasa mashine ilikuwa imenyamaza lakini jina limebaki, na kila aliyemwita Mngurumo alikuwa kama anamtonesha kidonda.

Kilichoharibika kilikuwa kitu kidogo cha kutia aibu. Paipu ya nozeli ni kijibomba cha chuma, chembamba kuliko kidole, kinachopeleka dizeli kutoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli, kinyunyizio kilicho kichwani mwa injini, kwa msukumo mkali. Ilipata ufa. Mzee akaipeleka kwa mchomeleaji, ikazibwa, ikapasuka tena pale pale, maana dizeli inayosukumwa kwa nguvu ile haiheshimu kiraka. Mchomeleaji akamwambia asimpotezee gesi, aende mjini akanunue mpya, na asisahau kubeba ya zamani ya mfano.

Nyanya zilikuwa zimefunga matunda, mabichi bado, makubwa kidogo kuliko gololi. Jua nalo lilikuwa halina huruma. Mkewe alikuwa akipandisha maji kwa ndoo tangu mashine inyamaze, na goti lake moja lilikuwa limevimba kama andazi. Mwaka uliotangulia ugonjwa wa majani ulifagia shamba zima. Mwaka huu nao ukienda hivyo, shamba lingerudi kwa mwenyewe aliyewakodishia, na wao wawili wangehamia chumba cha uani kwa mume wa binti yao. Mkwe alikuwa ameshawaambia chumba kipo. Alisema kwa wema, na wema huo ndio uliomnyima mzee usingizi, kwa sababu kula ugenini ni jambo moja, na kulelewa na mkwe ni jambo jingine kabisa.

Lazima niseme na hili, ingawa mwenyewe asingependa: mzee alikuwa na wivu na mashine yake kuliko hata mwanamume mwenye mke mzuri. Kibandani hakuingia mtu. Mafundi aliwakatisha tamaa mlangoni, majirani aliwafukuza, na mkewe, aliyezeeka naye, hakuwahi kuvuka kile kizingiti. Alikuwa akimwambia, “Utapoteza nati humo, mama,” kisha anafunga kufuli, ufunguo unarudi shingoni kwenye kamba yake. Mke alizoea. Yeye alijua maji yanafika. Yanapikwa wapi halikuwa shauri lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani wa kumwambia mzee yule?

Basi aliifungua ile paipu, akaiweka kwenye benchi la jikoni, akamwomba mkewe amfungie vizuri kwenye mkoba. Kisha akaenda kuoga. Akiwa bafuni alisikia ngo, ngo, ngo nyuma ya nyumba. Alidhani mkewe anakaza mpini wa jembe. Alipotoka, mkoba ulikuwa tayari mlangoni, paipu imefungwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu, na pembeni yake chupa ya maji na viazi vya kuchemsha. Akaushukuru ule uangalifu, akaondoka.

Duka la spea lilikuwa katikati ya mtaa wenye maduka ya namna hiyo pande zote mbili, sakafu zimelowa oili na kuta zimejaa mikanda, gasketi na feni. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyerithi kazi kwa baba yake, miwani iko kichwani na kalamu sikioni. Alimpa mzee stuli, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamwomba sampuli.

Mzee akafungua kanga. Ndani yake mlikuwa na fimbo.

Hakuielewa kwa mara ya kwanza. Aliigeuza, akaangalia nati mbili za mwisho, akaona kovu la mchomeleaji katikati, akajua ndiyo yenyewe. Ila zile kona ilizotoka nazo kiwandani zote zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa imenyooka kama rula, imepanguswa mafuta, inang'aa.

“Baba, nani ameinyoosha hii?” mwanamke akauliza taratibu.

Hapo ndipo ile ngo, ngo, ngo ilipomrudia kichwani. Akamwona mkewe amechuchumaa juu ya jiwe, nyundo mkononi, goti limevimba, anamtengenezea mumewe. Yeye aliyezoea kuinua miche iliyolala na kuifunga kwenye vijiti, angejuaje kwamba kuna kitu duniani kinachotakiwa kupinda? Aliona chuma kimejikunja, akadhani kupasuka ndiko kulikokikunja. Na kwa kibanda kile kilichofungwa kwa kufuli, hakuwa na mahali pa kujulia.

“Imenyooka njiani,” mzee akasema.

Mwanamke hakubishana na mkongwe. Aliingia nyuma, akarudi na paipu tatu zilizofungwa kwa waya. Urefu zililingana, nati zililingana. Lakini moja ilipanda kisha ikageuka kulia, nyingine ilizunguka kama mkia wa nguruwe, ya tatu ilishuka kwanza ndipo ikapanda. Akamweleza kwamba mashine za aina ile zilitoka kiwandani kwa matoleo tofauti, kila toleo na mapindo yake. Akauliza namba iliyoandikwa kwenye kibamba cha injini. Mzee akajibu kwa aibu kwamba kibamba alikipaka rangi ya kijani pamoja na injini nzima, ili ipendeze.

“Piga simu nyumbani, wakupigie picha pale inapokaa.”

Mkono wa mzee ukaenda shingoni wenyewe, ukagusa ufunguo. Simu ya mkewe ilikuwa ya tochi tu, haipigi picha, na mlango wa kibanda ni wa chuma, aliuchomea mwenyewe ili usivunjike. Akatikisa kichwa. Kurudi nyumbani kuchukua kipimo na kuja tena mjini kungewezekana, lakini nyanya zisingemngoja. Majani yalikuwa yameanza kujikunja alipoziacha.

Basi akafumba macho, katikati ya duka, na kunyoosha mkono hewani. Alijua mahali paipu ile ilipomchoma kiganja. Alijua sauti inayoitoa ikitaka kulegea, na harufu yake ikivuja. Alikumbuka pindo moja alilozoea kutundikia tambara. Lakini baada ya pindo hilo inaelekea wapi? Maisha yake yote ya uzeeni aliishi na kile chuma, akakifutia vumbi kuliko alivyowahi kuifuta meza ya chakula, na sasa hakikuwa na sura. Mkono ukabaki unaelea, wateja wengine wanamtazama.

“Chukua muda wako, baba,” mwanamke akasema. “Ila mali ikitoka hapa hairudi. Na tafadhali usije ukaipinda kwa mkono. Itajibana ndani, njia itaziba.”

Mzee akachagua ile iliyogeuka kulia.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mkewe alikuwa shambani, ndoo kichwani, anachechemea kati ya matuta. Mistari ya karibu na mto ilikuwa bado inajikaza. Ya juu ilikuwa imeinamisha vichwa, na chini yake matunda mabichi yametapakaa udongoni. Alimwona mumewe, akatua ndoo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mashine inyamaze. Mzee akampungia mkono, akapita moja kwa moja hadi kibandani.

Nati ya upande wa pampu iliingia vizuri. Upande wa pili, mdomo wa paipu ulipita kando ya nozeli kwa upana wa kidole. Kidole kimoja tu. Akaigeuza, akailegeza, akajaribu tena. Akakaa kitako sakafuni akiwaza maneno ya mwenye duka, na baada ya kuyawaza akashika spana na kuipinda, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa. Chuma kikalia kidogo. Nati ikauma. Akazungusha hendeli kwa nguvu zake zote. Mashine ikakohoa, ikatoa kimoshi cheupe, ikanyamaza. Akazungusha mpaka mabega yakagoma. Pale alipopinda, paipu ilikuwa imebonyea kama mrija uliotafunwa.

Mlango alikuwa ameusahau wazi. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, hajui kama anaruhusiwa.

“Ingia, mama,” mzee akasema.

Akaingia. Aliangalia kila kitu kwa heshima, kama mgeni: injini ya kijani, makopo, tambara lililotundikwa msumarini. Kisha macho yake yakatua kwenye paipu mpya, akaikagua kwa muda.

“Mbona hii nayo imepinda?” akauliza.

Mzee alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, ni fupi, na baada ya kulisema mkewe angebaki nalo mpaka kaburini, akiwa amekaa kwenye chumba cha uani cha mkwe, akilitazama kila siku. Akalimeza.

“Ndiyo maana imekataa,” akasema. “Nimeuziwa iliyopinda. Sikuangalia.”

Mkewe alimkasirikia, tena sana. Alimwambia kwamba alimwekea ya zamani imenyooka safi, hata kipofu angeona tofauti. Kwamba yeye amevunja goti kwa ndoo huku mwanamume mzima anashindwa kutazama anachonunua. Kwamba kiburi cha mashine hii ndicho kimewafikisha hapa. La mwisho lilikuwa kweli, na mzee alilipokea lote pamoja na yasiyo ya kweli. Aliposema mpaka yakamwishia, alikaa juu ya debe, akafuta jasho kwa upindo wa kanga.

“Basi fungua,” akasema kwa sauti ya kuchoka. “Nitainyoosha kama ile.”

Mzee akaifungua. Hakukuwa na cha kuharibu tena. Wakatoka nje hadi kwenye lile jiwe nyuma ya nyumba, mke akachuchumaa kwa shida, akachukua nyundo. Huko shambani mistari ya juu ilikuwa imelala chini kabisa.

“Nishikie huku,” akasema, “inarukaruka.”

Mzee akachuchumaa karibu naye, akashika ncha ya pili kwa mikono yote miwili.