Mama wa Mfano

Kokuberwa alikunja godoro la mumewe, akalisukuma nyuma ya kabati. Mwaka wa kumi na moja huu Gaudens analala sebuleni, na kila wageni wakija godoro linahama. Leo wanakuja wanawake mia na ishirini: kichen pati ya Hope, binti yao mkubwa, anayeolewa na Allen. Hema limeshajaa uani, Kimara nzima inasikia muziki.

Hope akaingia, akafunga mlango. Akapandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko, alama za vidole vinne.

"Allen?"

"Jana. Eti nimechelewa kupokea simu. Mama, mie sitaki tena. Toka ukawaambie."

"Niwaambie nini, mwanangu? Mahari imeliwa, kanisani mmetangazwa mara tatu."

"Waambie ukweli. Kwamba baba hakusemeshi mpaka kuwe na watu. Kwamba na wewe alianza hivihivi, leo kakuminya mkono, kesho kofi, keshokutwa samahani kwa magoti. Wewe ukisema watasikia."

Kokuberwa alifungua mdomo. Akamkumbuka Gaudens, mzee wa kanisa, anayewafundisha wachumba kila Jumamosi. Akawasikia wanawake wa jumuiya: mama kashindwa mume, na binti kafuata mkondo.

"Paka poda," alisema. "Wanaume ndivyo walivyo. Utazoea."

Hope hakulia. Alishusha mkono wa gauni.

Nje, Mama Adelard, mshereheshaji, alimpokea Kokuberwa kwa vigelegele. "Jamani, mama wa mfano huyu hapa! Ndoa miaka mingapi, mama?"

"Ishirini na saba."

"Weee! Wengine hata friji halijatudumu hivyo! Tupe siri."

Akapewa maiki. Hope alikuwa kwenye kiti cha maua, macho hayambanduki mama yake. Bado alikuwa anasubiri.

"Siri ni mdomo," Kokuberwa alisema. "Mwanamke akifunga mdomo, nyumba inasimama."

Hema lililipuka. Mabinti walicheza. Waliofuta machozi ni wale walioolewa zamani.

"Ambao hamjaolewa!" Mama Adelard akapaaza sauti. "Njooni mumshike mama mkono, mpate nyota yake!"

Wakaja wakisukumana, wakicheka, simu juu. Mstari ulitoka nje ya hema, ukapita jikoni, ukafika getini. Wa kwanza kabisa alikuwa Elinaza, mdogo wake Hope, mwenye miaka kumi na minne. Alinyoosha mikono yote miwili.