Bahili Mwenye Friji

Ee, alishtuka, tena sana! Yule mzee fundi viatu ameigiza baba bahili jukwaani miaka thelathini, watu wakicheka mpaka machozi. Sasa bintiye kaufanya mchezo ule wa zamani kuwa filamu ya kisasa, na siku hiyo aliwaonyesha wazazi wake kwanza, sebuleni.

"Ukiikataa, baba, siitoi."

Filamu ikaanza. Bahili akapiga friji kufuli, akaenda kuchaji simu kwa jirani. Mzee akaganda, mdomo wazi. Jukwaani hakukuwa na friji wala simu. Friji yenye kufuli ilikuwa moja tu, jikoni kwake.

"Mwanangu, huyo si mimi?"

Binti akainamisha kichwa. "Ni wewe, baba."

"Kumbe na nyumbani mnanicheka?"

"Tangu siku ya harusi," mkewe akadakia. "Tena mwanao kakuhurumia, baba watoto. Kapunguza!"

Mzee akasema polepole, "Ama kweli. Na mimi nilidhani naigiza!"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe.

"Itoe hivyo hivyo, mwanangu. Haya, chakula mezani kinapoa."

Ndipo wote wakaketi, wakala.