Baridi ya Gari la Mzee Ogola

Mwaka wa 1971, gari la Kimarekani la Mzee Ogola ndilo pekee nililolijua Kisumu lenye mashine ya baridi. Mzee aliishi Dunga, kando ya ziwa, na alipenda kupita mtaani kwetu Kondele polepole, vioo vimefungwa, huku sisi tukikaangika nje. Kwa hivyo baridi ilipokufa, aliingia gereji yetu na jasho na hasira.

Mimi Wakhisi ndimi niliyekuwa fundi mkuu. Injini ningeifungua na kuifunga nimefumba macho, lakini mambo ya gesi na baridi sikuyajua hata chembe. Aliyeyajua ni Joram, fundi wa chini yangu, aliyefanya kazi miaka sita kwenye mtambo wa barafu ya samaki. Hilo lilinikera. Nasema wazi sasa, uzee umeniondolea aibu.

Joram aliunganisha geji zake za kupimia nguvu ya gesi, akawasha injini, akasubiri. Baridi ilianza vizuri, lakini baada ya dakika kumi ikageuka pumzi ya ng'ombe.

"Bwana Wakhisi, gesi iko ya kutosha," aliniambia. "Ona geji, imepanda sana. Hii joto inakosa mahali ya kutokea. Nipe nusu siku nitoe rejeta, niangalie huko katikati yake na ile wavu ya mbele ya kutoa joto."

Niliitazama ile geji kama mbuzi anavyotazama gazeti. Mzee Ogola alikuwa amesimama nyuma yetu, akisubiri neno langu mimi. Ningesema sijui, mambo yangeisha. Badala yake nikacheka.

"Rejeta na baridi wapi na wapi? Mzee, huyu amefungua mabomba ya gesi, gesi imevuja. Ameharibu."

"Sijafungua kitu," alisema Joram, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwenye gereji alimfukuza kabla ya chakula cha mchana.

Miezi miwili baadaye rejeta ya gari lile ikatoboka, nikaitoa mwenyewe. Kati yake na ule wavu wa kutolea joto ulio mbele kulikuwa na tandiko zito la wadudu waliokufa, wale wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Kila jioni mzee aliwapitia akirudi Dunga. Kila asubuhi dereva wake aliosha uso wa gari ukang'aa, na huko ndani wakazidi kushikana. Sote tumewameza wadudu hao, tumewafagia milangoni, na hakuna aliyewafikiria. Niliwatoa kwa maji na brashi. Baridi ikarudi, kali hata mzee akavaa koti.

"Wakhisi ni fundi!" alitangaza mbele ya gereji nzima. Nikaupokea mkono wake.

Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakuchelewa. Jumapili hiyo nilikwenda soko la Kibuye, ambako Joram alikuwa akitengeneza baisikeli, nimekata shauri kumweleza yote na kumwomba arudi. Alinipa kiti chake, yeye akakalia tairi.

"Nimesikia ile gari inatoa baridi tena," alisema. "Hebu niambie, Bwana Wakhisi, shida ilikuwa nini? Mimi hata usingizi nakosa, nafikiria hiyo kitu tu."

Nilifungua mdomo nimwambie.

"Gesi ilikuwa imevuja," nikasema.

Joram aliinuka kwenye tairi.

"Basi ni mimi nilikosea," alisema. "Nisamehe, Bwana, kwa kukubishia mbele ya mzee."

Nikamwambia nimemsamehe.